Nani Ataita Darajani

Jumatatu, 8 Oktoba

Tumemrudisha Mkuu kutoka hospitali. Daktari alisema mengi, yeye akasikia moja tu: hakuna cha kufanya tena. Mapafu yote mawili. Hajawahi kuvuta sigara hata moja. Ni moshi wa mafuta ya kukaangia, miaka yote ile. Kwenye teksi hakufungua mdomo mpaka tulipofika sokoni hapa Puzi, ndipo akamwambia dereva apunguze mwendo, aone samaki wa leo. Akasema wamelala tangu jana. Mtu anakufa na bado anakagua samaki.

Nyumbani akakaa kwenye kiti chake cha plastiki, akavua kofia. Akauliza kama vani bado ipo. Ipo, Mkuu, iende wapi? Nyuma ya nyumba, chini ya bati, imezungukwa na meza za duara na masufuria ya mvuke. Haijawashwa tangu karamu yetu ya mwisho, miaka miwili na nusu sasa.

"Itoeni," akasema. "Twende tukaone bahari ya upande wa mashariki. Wanne wote."

Wanne: yeye Bun-hiong mpishi mkuu, Seng dereva na mtu wa majiko, Bi-tsu wa sahani, na mimi wa kisu na chombo chochote kinachobaki bila mtu. Miaka thelathini na moja tumepika chini ya maturubai, harusi na mazishi, na hatujawahi kusafiri pamoja hata mara moja. Siku nzuri kwenye kalenda ni siku za harusi. Siku za harusi ni siku zetu za kazi. Hivyo ndivyo maisha yalivyopita.

Daftari hili ni la oda. Kurasa za mbele zimejaa: meza ishirini na nne, supu, kaa juu ya wali, nguruwe wa kuchemshwa. Za nyuma ni tupu. Nitaandika huku nyuma, kwa ajili yangu tu.

Jumanne, 9 Oktoba

Tumeifungua. Mlango wa pembeni umeganda kwa kutu, Seng akaupiga teke mara tatu, mara ya nne ukafunguka na mpini ukabaki mkononi mwake. Ndani panya wamezaa kwenye vitambaa vya meza. Lakini harufu! Ufuta, tangawizi, divai ya mchele, mafuta ya nguruwe. Nilisimama pale nikanusa kama mjinga. Bi-tsu akaanza kulia. Nikamwambia alie huku anafagia.

Betri imekufa. Matairi mawili yamepasuka pembeni. Sakafu juu ya gurudumu la nyuma imeliwa na kutu, unaona ardhi. Seng amelala chini ya gari saa nzima, akatoka na uso mweusi, akasema mabomba ya breki yanatoka unga.

Mkuu alikuwa dirishani anatuangalia. Kila dakika tano anapaza ile sauti ndogo aliyobakiwa nayo: polepole na rangi, polepole na kioo. Seng akamjibu, "Mkuu, wewe lala. Hata jikoni ulikuwa hivihivi."

Alhamisi, 11 Oktoba

Jana sikukuu, maduka ya vipuri yalifungwa. Leo Seng amepata betri, mkanda wa feni na bomba jipya la rejeta. Saa nne asubuhi injini imewaka. Moshi ulitanda mpaka kwa jirani, jirani akatoka kutukana, akamwona Mkuu amesimama mlangoni kwa mkongojo, akanyamaza, akarudi ndani.

Mchana mtoto wa marehemu kaka yake alipiga simu kutoka Taipei. Tsi-gian. Ndiye ndugu pekee aliyebaki. Simu ilikuwa kwenye spika, sote tukasikia. Hataki safari. Akauliza, baba mdogo akifia kule, ng'ambo ya milima, nani atamrudisha? Ana kazi, ana watoto wadogo, hawezi kuacha kila kitu. Mkuu hana mke, hana mtoto. Nani atashika udi? Nani atamwita kwenye madaraja?

Mkuu akasema asante kwa kupiga, wasalimie watoto, akakata.

Mimi najua kazi hiyo. Mume wangu Tik-hok alianguka kwenye jengo kule Kaohsiung mwaka 1999. Nilikwenda kuichukua roho yake nikairudisha Puzi kwa gari la kukodi, udi mkononi, na kila daraja niliita: "Tik-hok, tunavuka daraja, tufuate!" Usipoita, marehemu anabaki upande ule, haoni njia juu ya maji. Mto Zengwen, Mto Jishui, Mto Bazhang, na mifereji yote katikati, maana niliogopa kuruka hata mmoja. Nilipofika nyumbani sikuwa na sauti. Siku saba nilizungumza kwa mikono.

Sitaki kuifanya tena. Naandika hapa kwa sababu mahali pengine siwezi kusema.

Jumamosi, 13 Oktoba

Bi-tsu ameshona mapazia. Kwa kitambaa chekundu cha harusi! Nikamwambia, gari hili linabeba mgonjwa au bibi harusi? Akasema, "Dada Lan, chekundu ndicho tulichonacho. Au unataka nitumie vile vyeupe vya msibani?"

Nimemsaidia kuyatundika.

Jumanne, 16 Oktoba

Seng alichomelea bati jipya kwenye sakafu jana, leo akapeleka gari kwenye ukaguzi. Limekataliwa. Moshi mweusi kupita kiasi, na breki ya mkono haishiki hata kidogo. Ni kweli, hata zamani tulikuwa tunaweka gunia la mchele nyuma ya gurudumu. Seng anasema mkaguzi, kijana mstaarabu tu, aliingiza kichwa ndani akauliza, mzee, gari hili linanuka nini? Seng akamjibu: harusi za wazazi wako.

Mkuu alicheka mpaka akakohoa, akakohoa mpaka ikawa si kicheko tena. Nilimshikilia beseni. Kulikuwa na damu. Akaniangalia aone kama nimeona. Nimeona.

Ijumaa, 19 Oktoba

Leo kitanda. Mkuu hawezi kukaa kwenye kiti zaidi ya nusu saa, kwa hiyo atasafiri amelala. Mbao hatukununua. Mkuu mwenyewe akaonyesha kwa mkongojo: "Kateni meza."

Meza zetu zimeandikwa namba kwa rangi nyekundu. Seng akachukua namba saba, akaiegemeza, akashika msumeno, akasimama. Akasema mkono unamuuma. Muongo huyo. Nikamnyang'anya msumeno nikakata mwenyewe, moja kwa moja katikati. Meza namba saba ndiyo ile ambayo bwana harusi wa Budai alipanda juu akaimba, ikavunjika mguu, tukaitengeneza kwa mwiko. Vumbi la mbao lilinijaa machoni, vizuri tu.

Kisha akalala juu ya mbao ili tumpime. Akanyooka, mikono pembeni, macho juu. Bi-tsu akatupa futi akatoka nje mbio. Sote tuliona alichoona. Mkuu naye akaona.

"Ongezeni inchi nne upana," akasema. "Hilo sanduku jingine mtanibana baadaye. Humu nataka kugeuka."

Tukaongeza inchi nne.

Jumapili, 21 Oktoba

Nimekwenda hekaluni kwa Mama Mazu, mungu wetu wa bahari, kuulizia siku ya kuondoka. Peke yangu. Nilipeleka machungwa, nikapiga magoti, nikarusha vile vipande viwili vya mbao vya kuulizia, ambavyo lazima vikubali mara tatu. Gari linaweza kupita ukaguzi keshokutwa, kwa hiyo nilianza na tarehe 25. Vyote viwili vikalala kifudifudi: hapana. Tarehe 27. Hapana. Tarehe 29, moja ndiyo, ya pili vikalala chali, yaani Mama anacheka tu. Nikaenda mbele, nikaenda mbele. Tarehe 5 Novemba: ndiyo, ndiyo, ndiyo. Mara tatu mfululizo. Nikatoa shukrani, nikarudi nyumbani na furaha kama nimepewa zawadi.

Mkuu aliposikia akatabasamu. Akasema tarehe 5 itakuwa siku ya harusi nyingi, barabara zitajaa maturubai. "A-lan, siku nzuri zote tulishazitumia kwa watu wengine. Siku zetu ni zile mbaya."

Nikamwambia asinidhihaki mbele ya Mama. Akasema sawa, tarehe 5, wewe ndiye bosi. Seng alikuwa anahesabu siku kwa vidole chini ya meza, nilimwona.

Jumatano, 24 Oktoba

Limepita! Seng amerudi anapiga honi kutoka kona ya duka la dawa. Breki zinashika, moshi umekuwa wa kijivu. Mkuu akadai tulijaribu hapohapo, na yeye ndani. Nilikataa. Hakuna aliyenisikiliza.

Tulimlaza kwenye meza namba saba, mtungi wa hewa umefungwa kwa mkanda wa turubai, mto uliojazwa makapi ya mpunga chini ya magoti. Mimi pembeni yake kwenye ndoo iliyogeuzwa. Bi-tsu mbele na Seng. Mapazia mekundu yanapepea. Tukashika barabara ya kusini kati ya mashamba ya mchele, na jua, na Bi-tsu anamtajia kila tunachopita kwa sababu yeye akilala anaona mbingu tu. Bata. Mzee anaanika vitunguu. Shule. Tena bata. Mkuu alikuwa na rangi usoni. Nikawaza, labda daktari amekosea. Mtu huwaza upuuzi.

Tulipofika daraja la Mto Bazhang — naandika kama ilivyokuwa — gari likapanda juu ya daraja, na Seng akapaza sauti, kwa nguvu, kama alivyozoea: "Tunavuka daraja, fuata!"

Mwezi wa tatu alimrudisha marehemu mama yake kutoka hospitali ya Tainan kwa njia hiihii. Mdomo wake ulikumbuka kabla ya yeye kukumbuka. Hayo ni maneno ya maiti. Hayaitwi kwa mtu anayepumua. Ni kumtabiria. Ni kumsukuma.

Seng aliachia usukani nusu, akashika mdomo. Bi-tsu akaanza kutema mate dirishani ili kuondoa mkosi. Gari linaendelea tu juu ya maji.

Kutoka kitandani Mkuu akasema, "Nipo. Nafuata. Ila punguza mwendo kwenye viraka, mgongo unaniuma."

Bi-tsu akacheka, kile kicheko chake cha kuku, Seng akacheka huku analia, nami nikacheka, Mungu anisamehe. Tukageuza upande wa pili. Tulipopanda tena darajani hakuna aliyethubutu. Mkuu akagonga ubavu wa gari kwa kidole cha pete.

"Mbona hamniiti? Mnataka niachwe Tainan?"

Seng akasema, "Mkuu, nisamehe, mimi ni punda."

"Punda ndiyo. Ita."

Akaita, kwa sauti ndogo. Mkuu akajibu nipo. Kisha akasema, kama mtu anayeonja supu: "Sauti yako mbaya, Seng. Mtu akisikia hiyo atakimbia. Wakati wenyewe ukifika, aite A-lan."

Nilijifanya nafunga mtungi.

Ijumaa, 26 Oktoba

Ameniuliza wazi. Tulikuwa wawili, nilikuwa namkata kucha. Akasema hamtaki Tsi-gian, hajawahi kula naye hata milo kumi, sauti yake haijui. Akasema anaogopa kitu kimoja tu. Si maumivu. Anaogopa kusimama kando ya maji akisikia mtu asiyemjua anaita, asijue kama ndiye yeye anayeitwa.

"Nataka nizoee sauti yako mapema. Kila daraja. Njia nzima kwenda mashariki. Ili wakati wa kurudi nisipotee."

Nikamwambia mimi si damu yake. Si mke, si dada. Watu watasema nini? Akasema watu wamekula chakula chetu miaka thelathini na moja, waache waseme.

Nikamwambia sijui. Nikaenda kuosha masufuria ambayo hayakuwa machafu.

Mwaka wa tatu baada ya Tik-hok, Bun-hiong aliniuliza kitu kingine, nyuma ya turubai, harusi ya watu ikiendelea. Nikamwambia angalia jiko, wali utaungua. Hakuuliza tena. Sikuwahi kuandika hili popote. Nilimpenda. Bado. Basi, nimeandika.

Jumapili, 28 Oktoba

Hali chakula. Nimemwuliza kama kuna kitu chochote anachotamani. Akasema: mchuzi wa mabaki.

Ule wa siku ya pili baada ya karamu, kila kilichorudi mezani kinamwagwa kwenye sufuria moja kinachemka asubuhi nzima. Sasa mabaki yatoke wapi bila karamu? Ikabidi karamu ipikwe. Tangu alfajiri mimi, Seng na Bi-tsu tumepika: samaki mzima, kuku wa tangawizi, vibofu vya samaki, mipira ya magimbi, chipukizi za mianzi, figo, mguu wa nguruwe. Sahani saba kwa ajili ya watu watatu. Tukala kidogo kidogo, kwa adabu, ili yabaki. Bi-tsu akasema ni mara ya kwanza maishani mwake kukaa kwenye meza ya karamu. Kweli. Sote.

Kisha nikamwaga vyote pamoja, na kabichi chachu juu.

Mkuu alikula vijiko viwili. Akasema chumvi kidogo imepungua. Akalala.

Jumanne, 30 Oktoba

Vibaya. Midomo ina rangi ya bluu. Mashine ya hewa sasa haizimwi. Mchana alimwita Bi-tsu kwa jina la mama yake mwenyewe.

Gari lipo tayari tangu Jumatano. Siku sita. Limeoshwa, lina dizeli, tairi la akiba limejazwa upepo, blanketi zimekunjwa, hata birika lipo. Seng anaenda kuliwasha kila asubuhi, analingurumisha dakika kumi, analizima. Hasemi kitu kwangu. Ningependa aseme.

Ni mimi. Tarehe 25 tungeondoka. Alikuwa na rangi usoni! Alikuwa anasikiliza habari za bata! Nilitaka siku nzuri. Nikampigia Mama Mazu magoti nikamwomba siku nzuri, akanipa, na mgonjwa hakuhesabiwa humo. Au niliogopa. Niliendelea kurusha zile mbao nikitumaini tarehe ije mbali, mbali kabisa, maana safari ikianza, ina mwisho. Sijui. Nimemwibia siku kumi na moja mtu asiye na siku.

Alhamisi, 1 Novemba

Leo asubuhi amefungua macho, akili safi. Akauliza ni tarehe ngapi. Nikamwambia. Akahesabu, nikaona anahesabu, kisha akasema polepole, "Tano ni mbali, A-lan." Bila lawama. Kama anavyosema sokoni mzigo umechelewa.

Nikatoka nje. Seng alikuwa amekaa kwenye ngazi ya gari. Nikamwambia tunaondoka kesho. Akaenda moja kwa moja kwenye kalenda ya ukutani jikoni, akaisoma, akarudi. Kesho: siku ya mgongano. Haifai safari, haifai ndoa, haifai kuchimba msingi. Hakuna linalofaa.

Nikaingia nikamwambia Mkuu. Alitabasamu, meno yote.

"Hakuna harusi basi," akasema. "Tuko huru."

Nimekwenda hekaluni kumwomba Mama radhi. Sikurusha mbao. Sikutaka kujua.

Ijumaa, 2 Novemba

Naandika garini. Mwandiko mbaya, daftari liko gotini.

Tuliondoka saa moja asubuhi. Tsi-gian alipiga simu jana jioni, nikapokea mimi. Nikamwambia tunaenda, na kwamba ikihitajika kumwita, nitaita mimi. Akasema, asante, shangazi. Hajawahi kuniita hivyo.

Mkuu alibebwa na Seng mgongoni kama gunia la mchele, uzito wa nusu gunia. Akalazwa. Akagusa mbao chini ya godoro, akatafuta kwa vidole ile namba saba, akaipata. Bi-tsu alifungua pazia ili aone mbingu.

Mfereji wa kwanza nje ya Puzi, Seng akapunguza mwendo, akaniangalia kwenye kioo. Nikafungua mdomo. Hakuna kitu. Miaka kumi na tisa na koo lilekile. Tukavuka kimya. Mkuu aligeuza kichwa, akaniangalia tu, akasubiri.

Mto Bazhang niliita. "Bun-hiong, tunavuka daraja, tufuate." Nilitumia jina lake. Si Mkuu. Jina lake.

"Nipo," akasema.

Mto Jishui niliita. Nipo. Mto Zengwen, daraja refu, maji ya kahawia na wavuvi wa kamba kwenye matope, nikaita kwa nguvu mpaka Bi-tsu akashtuka. Alijibu, lakini sauti haikutoka, midomo tu. Nilikuwa nimeinama karibu, nikaiona. Ni barabara ileile niliyomleta Tik-hok, madaraja yaleyale, ila kwa kinyume. Sikulia. Nilikuwa na kazi.

Baada ya Tainan aliomba maji, nikamlowesha kwa pamba. Nikamwambia Bun-hiong, ule wali haukuungua, siku ile. Sijui kama alielewa. Alifinya kidole changu. Alielewa.

Kaohsiung tulipita nje ya mji. Daraja dogo, niliita, akainua kidole kimoja juu ya blanketi. Daraja jingine. Kidole tena, chini zaidi. Hapo katikati akasinzia.

Sasa ni saa tano na nusu. Seng amesimamisha gari pembeni. Mbele ni Mto Gaoping, naliona daraja kati ya viti, mwisho wake hauonekani. Huko sijawahi kupita, si kwa aliye hai wala kwa marehemu. Baada yake Pingtung, kisha milima, kisha bahari yake.

Bi-tsu amesema gari limechemka, lipoe kidogo. Gari halijachemka. Mshale uko katikati, hata mimi nauona.

Mashine ya hewa inavuma. Kifua chini ya blanketi — injini bado inatetema na gari lote linatetema, siwezi kujua. Mkono wake nimeushika kwa kushoto, naandika kwa kulia. Una joto. Jua pia liko juu yake, pazia liko wazi.

Kama nitaita na akajibu, tunaenda baharini. Kama nitaita na asijibu, itabidi niite tena, na tena, kila daraja, lakini kuelekea nyumbani. Maneno ni yaleyale. Ni mimi tu nitakayejua ni ya aliye hai au ya marehemu.

Seng amezima injini. Hakuna kinachotetema sasa. Hakuna aliyegeuka kutazama nyuma, si yeye wala Bi-tsu.

Sijatazama kifua. Natazama karatasi.

Seng anauliza, kwa upole sana, "Dada Lan, twende?" Nimemwambia asubiri kidogo, nimalize mstari huu.